AMP na safu ya Habari Kuu: uchambuzi wa kisa cha fomati iliyopewa mlango wake

Kuanzia Februari 2016 hadi katikati ya 2021, habari iliyotaka kuonekana katika safu ya Habari Kuu ya Google kwenye simu, ile ya vikadi vya picha unavyovitelezesha kwa kidole juu kabisa ya matokeo, ilipaswa kwanza iwe imeandikwa kwa fomati ya AMP. Fomati hiyo ilianzishwa na Google yenyewe. Na miaka yote hiyo, kila wachapishaji walipouliza kama AMP inapendelewa, jibu la Google lilikuwa lilelile: AMP si kigezo cha kupanga matokeo.

Sidai kwamba jibu hilo lilikuwa la uongo. Nadai kwamba lilijibu swali lisilo lenyewe, na kwamba ukilishika jibu hilo peke yake unaweza kukaa mwaka mzima ukipekua matokeo ya utafutaji na usione kosa lolote. Ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuchambuliwa polepole, hata sasa ambapo AMP yenyewe imeshapoa.

Hali ilivyokuwa

Mwaka 2015 kusoma habari kwenye simu kulikuwa adha. Unagusa kichwa cha habari, ukurasa mweupe unakaa, maandishi yanatokea, kisha tangazo linachomoza juu na kuyasukuma chini, na kidole kilichokuwa kinaelekea kwenye kiungo kinaangukia tangazo. Wachapishaji walikuwa wamejazia kurasa zao skripti, yaani vijiprogramu vinavyoendeshwa ndani ya ukurasa: za kufuatilia wasomaji, za minada ya matangazo, za vibonyezo vya kusambaza habari, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kuzitoa. Lawama hii ni yao, na nitairudia mbele, maana wengi wanaoilaumu Google huiruka.

Facebook iliona mwanya. Mei 2015 ilitangaza Instant Articles: wachapishaji walete maandishi yao, yafunguke papo hapo ndani ya programu ya Facebook. Septemba Apple ikatoa programu yake ya News pamoja na iOS 9. Kwa Google hilo lilikuwa tishio la moja kwa moja. Kampuni inayoishi kwa kutafuta kurasa za intaneti inabaki bila kazi pale kurasa zinapohamia ndani ya programu ambazo haiwezi kuzitafuta.

Tarehe 7 Oktoba 2015 ikatangaza AMP, kwa jina kamili Accelerated Mobile Pages, pamoja na Twitter, Pinterest, LinkedIn na WordPress.com. Februari 2016 kurasa za AMP zikaanza kuonekana katika Habari Kuu kwenye simu, kila moja na alama ndogo ya radi. Google ilisema kwamba kwa wastani zinafunguka kwa kasi mara 4 zaidi na kutumia data pungufu mara 10.

AMP ilikuwa vitu vitatu vilivyofungwa pamoja, na ni lazima kuvitenganisha, maana utetezi wa Google kwa kawaida ulizungumzia cha kwanza ilhali malalamiko yalihusu cha tatu.

Cha kwanza ni HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, iliyopunguzwa. Mwandishi wa ukurasa hakuruhusiwa kuweka JavaScript (lugha ya skripti) yake mwenyewe. CSS yake yote, yaani maelekezo ya mwonekano, isizidi baiti 50,000, kiwango ambacho baadaye kiliongezwa hadi 75,000. Picha haiwekwi kwa tagi ya kawaida bali kwa tagi ya AMP, na upana na urefu wake unatajwa mapema ili maandishi yasirukeruke picha inapowasili. Haya yote ni mazuri. Mtengenezaji yeyote wa tovuti mwenye nidhamu angeweza kuyafanya bila AMP.

Cha pili ni maktaba ya skripti inayochukuliwa kutoka cdn.ampproject.org, lazima kwa kila ukurasa. Hapa pana jambo dogo ambalo watumiaji wengi hawakuwahi kuliona. Kila ukurasa wa AMP ulibeba kipande cha CSS kisichobadilishwa hata herufi moja, ambacho kazi yake ni kuuficha mwili wote wa ukurasa hadi skripti ya AMP ifike na kuufunua. Skripti isipofika, ukurasa unabaki mweupe kwa sekunde 8 ndipo unajifunua wenyewe. Kwa msomaji wa simu sekunde 8 ni muda wa kutosha kuondoka na kusahau alichokuwa anatafuta. Kwa hiyo fomati iliyojinadi kwa kasi ilikuwa na subira ya sekunde 8 ndani yake, na tiba ya subira hiyo ilikuwa kuitegemea seva moja.

Cha tatu ni kache, yaani ghala la nakala. Google ilichukua nakala ya ukurasa wa mchapishaji, ikaihifadhi kwenye seva zake na kumpa msomaji nakala hiyo. Ndiyo maana anwani iliyoonekana juu ya kivinjari ilianza na google.com/amp, na jina la gazeti likafuata nyuma.

Kupangwa na kuruhusiwa kuingia

Sasa turudi kwenye kauli ya kwamba AMP si kigezo cha kupanga matokeo. Tazama viungo vya kawaida, vile vinavyoshuka kimoja chini ya kingine. Agosti 2016 Google ilitangaza kwamba AMP itaonyeshwa humo pia, si kwenye habari tu, na ikasisitiza kwamba nafasi za kurasa hazitabadilika: kama mchapishaji ana nakala mbili za ukurasa, ya kawaida na ya AMP, msomaji wa simu atapelekwa kwenye ya AMP, ila nafasi ni ileile. Sioni sababu ya kulikataa hilo.

Lakini Habari Kuu ni kitu kingine. Inakaa juu ya viungo hivyo vyote. Mtu anayetafuta tukio la leo anaona safu hiyo kwanza, na kwenye simu mara nyingi ndiyo inayojaza kioo kabla hajashusha kidole. Ndani ya safu hiyo kurasa zilipangwa kwa vigezo vya kawaida vya Google, na humo AMP haikumzidi mtu, kwa kuwa wote waliokuwemo walikuwa AMP. Foleni ilikuwa ya haki; aliyekosa alizuiwa mlangoni, kabla foleni haijaanza.

Ukiuliza "je, AMP inapandisha ukurasa?" jibu ni hapana. Ukiuliza "je, ukurasa usio wa AMP unaweza kuwa pale juu?" jibu pia ni hapana, na hapana hii ya pili ndiyo iliyokuwa na thamani ya pesa. Mchapishaji hakuhitaji kujua lolote kuhusu algoriti ili aelewe afanye nini.

Chukua kurasa mbili za kufikirika zenye habari ileile, zimeandikwa saa ileile. Wa kwanza ni HTML tupu, kilobaiti 40, picha moja, hauna skripti hata moja. Unafunguka chini ya sekunde moja kwenye mtandao wa kawaida. Wa pili ni AMP yenye matangazo matatu, video na vipimo vya wasomaji kutoka kampuni mbili. Kwenye simu, wa pili una sifa ya kuingia Habari Kuu na wa kwanza hauna. Mwandishi wa ule wa kwanza amefanya kila ambacho Google ilisema inakitaka, na amekifanya vizuri zaidi, ila hakukifanya kwa sare iliyotakiwa.

Sasa msomaji wa habari hiyo ahamie kwenye kompyuta. Huko Habari Kuu ipo pia, na huko AMP haikuwa sharti. Ule ukurasa wa kwanza unaingia. Injini ni ileile, habari ni ileile, mchapishaji ni yuleyule, na uaminifu wake mbele ya Google haujabadilika kwa sababu msomaji kabadili kifaa. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzito kuliko wote katika kisa hiki, kuliko hata nyaraka za mahakamani, kwa sababu yeyote mwenye simu na kompyuta angeweza kuuona mwenyewe.

Google ingeweza kujibu kwamba simu ni hali tofauti: mtandao dhaifu, kifurushi cha data kinachoisha, kifaa chenye nguvu ndogo, hivyo inahitaji uhakika wa kasi ambao kwenye kompyuta hauhitajiki. Hoja hiyo ina uzito, kwa masharti kwamba kasi haikuwa inapimika kwa njia nyingine. Ilikuwa inapimika. Oktoba 2017 Google ilianza kutoa hadharani takwimu za jinsi kurasa zinavyofunguka kwa watumiaji halisi wa Chrome. Januari 2018 ikatangaza kwamba kuanzia Julai mwaka huo kasi ya ukurasa kwenye simu itakuwa kigezo cha kupanga matokeo, na kwamba watakaoguswa ni wale wa polepole kupindukia. Kampuni inayoweza kuzipima kurasa za dunia nzima ili kuwashusha wazito haiwezi kusema haina kipimo cha kuwaruhusu wepesi.

Kasi ilitoka wapi

Hapa lazima niitendee Google haki, kwani kuna sababu ya kiufundi ambayo wapinzani wake wengi waliipita haraka.

Sehemu kubwa ya ile hali ya ukurasa kufunguka papo hapo haikutokana na HTML iliyopunguzwa. Ilitokana na kuandaliwa mapema. Unapokuwa bado unasoma matokeo, kivinjari kimeshaanza kuchukua ukurasa wa AMP na kuuchora nyuma ya pazia. Unapougusa, uko tayari. Je, Google isingeweza kuandaa mapema ukurasa wowote ule? Ingeweza, lakini kivinjari kingelazimika kuwasiliana na seva ya mchapishaji kabla mtumiaji hajachagua chochote. Mchapishaji angejua kwamba mtu fulani ametafuta jambo fulani, hata kama mtu huyo hakuwahi kuugusa ukurasa wake. Kwa mtu anayetafuta dalili za ugonjwa hilo si jambo dogo. Nakala ikichukuliwa kutoka kache ya Google, anayejua ni Google peke yake, ambayo ilishajua tangu maneno yalipoandikwa.

Hivyo kache haikuwa hila tupu. Ilikuwa na sababu. Ila tazama kinachofuata: faida ya kuandaliwa mapema ilitoka kwenye ukurasa wa matokeo, si kwenye fomati. AMP iliyofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye seva ya mchapishaji, bila kuandaliwa, ilikuwa ukurasa mwepesi kama ukurasa mwingine wowote mwepesi. Google iliipa fomati yake mbio za kuanzia mbele, kisha kasi iliyopatikana ikahesabiwa kuwa sifa ya fomati. Wachapishaji waliposikia "mara 4 zaidi", waliambiwa matokeo ya vitu viwili kwa pamoja, cha kwao na cha Google.

Google ilijaribu kulitatua tatizo la anwani kwa teknolojia ya vifurushi vilivyotiwa saini, ambapo mchapishaji anausaini ukurasa wake na kivinjari kinaonyesha anwani yake hata kama nakala imetoka kwenye kache. Kuanzia Aprili 2019 ilifanya kazi katika utafutaji kwa watumiaji wa Chrome. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, ilipinga na kuiita yenye madhara kwa wavuti, na Safari, kivinjari cha Apple, haikuifuata. Suluhisho likabaki la kivinjari cha Google kwa tatizo la kache ya Google.

Gharama zilizolipwa

Nafasi ya juu haikutolewa bure. Kwanza ni kazi: kuwa na nakala mbili za kila ukurasa, kila moja ikiitaja mwenzake, na kila kosa dogo la uthibitishaji likimtoa mtu kwenye safu. Chumba cha habari kikubwa kina mafundi wa kufanya hivyo. Kidogo kinategemea kiongezi (plugin) cha bure na kuomba Mungu.

Pili ni msomaji mwenyewe. Aliyeingia kupitia safu ile aliona anwani ya Google juu, na kwa kutelezesha kidole pembeni angeweza kuhamia habari ya gazeti jingine bila kurudi kwenye matokeo. Gazeti lililopambana kumpata msomaji huyo likawa kadi moja kati ya nyingi. Alipotaka kumtumia rafiki habari hiyo, alituma kiungo cha Google. Mwaka 2017 Google iliongeza kitufe cha kupata anwani halisi, na hicho kitufe kilikuwa kukiri kwamba kulikuwa na tatizo.

Tatu ni matangazo, na hapa mambo yanakuwa mazito. Wakati AMP inazaliwa, wachapishaji walikuwa wameanza kutumia njia ya kuendesha mnada wa nafasi ya tangazo ndani ya kivinjari, wakiyaita masoko kadhaa kwa pamoja kabla ya soko la Google kupewa nafasi ya kwanza. Njia hiyo inahitaji JavaScript ya mchapishaji. AMP ilikataza JavaScript ya mchapishaji. Baadaye AMP iliruhusu ukurasa kuwaita wanunuzi wa nje, ila wasizidi 5, na jibu lao lisizidi sekunde 1.

Desemba 2020 jimbo la Texas pamoja na majimbo mengine ya Marekani waliishtaki Google kuhusu soko la matangazo, na AMP ilitajwa humo kama njia ya kuudhoofisha mnada ule. Sehemu zilizokuwa zimefichwa za hati ya mashtaka zilipofunguliwa Oktoba 2021, yakatokea madai kwamba Google ilichelewesha kwa makusudi, kwa sekunde 1, matangazo yasiyo ya AMP ili AMP ionekane bora ikilinganishwa nayo, na kwamba AMP iliwaletea wachapishaji mapato pungufu kwa asilimia 40. Haya ni madai ya mlalamikaji, na Google iliyakanusha. Siyaweki kwenye mizani ya uamuzi wangu. Kisa kinasimama hata ukiyafuta yote, kwa sababu kosa la mlangoni lilikuwa wazi mchana kweupe.

Utetezi wa Google

Utetezi ulio bora unakwenda hivi. AMP ilikuwa programu huria. Yeyote angeweza kuiandika bila kulipa wala kuomba ruhusa. Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft, nayo iliitumia, ikiwa na kache yake. Cloudflare, kampuni ya miundombinu ya intaneti, ilijenga ya kwake. Mwaka 2018 usimamizi wa mradi ulibadilishwa ili uamuzi usiwe wa mtu mmoja, na Oktoba 2019 mradi ukapelekwa chini ya OpenJS Foundation, taasisi inayolea miradi huria ya JavaScript. Na kubwa zaidi, wachapishaji walikuwa wameshindwa. Walikuwa na miaka ya kuzipunguza kurasa zao na hawakufanya. Bila kishawishi cha Habari Kuu wasingefanya, na aliyefaidika na kishawishi hicho ni msomaji.

Hoja ya mwisho naikubali nusu. Ni kweli kishawishi kilifanya kazi. Mhariri aliyekuwa akiambiwa na mafundi wake kila mwezi kwamba skripti zimezidi, na kila mwezi akizikubali nyingine mbili, ghafla alikubali ukurasa usio na skripti yake hata moja, kwa sababu kulikuwa na kikadi cha kupata. Hakuna maonyo ya kasi yaliyowahi kufanya hivyo.

Ila hoja ya programu huria haigusi malalamiko. Uhuria wa fomati ni kitu kimoja na uhuria wa nafasi ni kingine. Kamati ya usimamizi ya AMP, iwe na watu wa nje kiasi gani, haikuwa na sauti juu ya nani aingie Habari Kuu. Hilo liliamuliwa na timu ya utafutaji ya Google. Terence Eden, mmoja wa wajumbe wa kamati ya ushauri ya AMP, alijiuzulu Desemba 2020 akiwa ameshafikia kwamba mradi huo hauna manufaa kwa wavuti iliyo wazi. Unaweza kuwa na katiba nzuri ya kilabu, lakini kama ufunguo wa ukumbi uko kwa jirani, katiba haikufungulii.

Na kama lengo lilikuwa kasi, dawa ilishatajwa mapema. Januari 2018 kundi la watengenezaji wa tovuti walichapisha barua ya wazi iliyosainiwa na mamia ya wenzao. Hawakutaka AMP ifutwe. Waliomba mambo mawili: nafasi za upendeleo zitolewe kwa ukurasa wowote unaofikia kipimo cha kasi kisicho na upande, na maudhui ya wengine yasionyeshwe chini ya anwani ya Google kwa namna inayomchanganya msomaji. Machi mwaka huohuo Malte Ubl, kiongozi wa kiufundi wa AMP, aliandika kwamba nia ni kuzifungulia Habari Kuu kurasa zisizo za AMP zenye ubora wa kulingana. Ahadi nzuri. Ilitimizwa Juni 2021.

Mimi ningesamehe mwaka 2016, hata 2017. Kitu kipya kinaanza na kile kilichopo mkononi, na mwaka 2016 kuthibitisha kwamba ukurasa umefuata sheria za AMP kulikuwa rahisi kuliko kupima kasi ya kweli ya kila ukurasa duniani. Lakini kuanzia Julai 2018, kipimo kikiwa tayari kinatumika upande mmoja wa ukurasa wa matokeo, sharti la AMP upande wa pili lilikuwa limebaki bila sababu ya kiufundi. Karibu miaka mitatu ya hapo ndiyo naihesabu kuwa upendeleo.

Sheria inaonaje

Kisa kinachofanana na hiki kwa mbali ni cha Google Shopping. Juni 2017 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 2.42 kwa kuiweka huduma yake ya kulinganisha bei juu ya za washindani wake, na Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaithibitisha. Watu walirukia kusema AMP ni jambo lilelile. Si lilelile kabisa. Kule Google iliisukuma bidhaa yake. Kwenye AMP kurasa zilikuwa za wachapishaji, na hata mshindani mkubwa wa Google angeingia kama angevaa sare. Alichopata Google si mauzo ya ukurasa bali usukani: anwani, kache, masharti ya matangazo. Mwanasheria anayetaka kuthibitisha "kupendelea kilicho chake" atatokwa jasho kidogo hapa.

Lakini tazama jinsi sheria za Ulaya zinavyoeleza kupanga. Sheria ya Masoko ya Kidijitali, ambayo masharti yake yalianza kuibana Google Machi 2024, haiishii kwenye mpangilio wa viungo kutoka juu kwenda chini. Inahesabu umuhimu unaopewa matokeo kwa njia yoyote ya kiteknolojia ya kuyaonyesha, hata kama ni tokeo moja tu linaloonyeshwa. Na kifungu cha 6(5), baada ya kukataza kampuni kupendelea huduma zake, kinaongeza kwamba masharti ya kupanga lazima yawe ya uwazi, ya haki na yasiyobagua. Kwa ufafanuzi huo, "AMP si kigezo cha kupanga" ni sentensi isiyoweza kusimama: kuamua nani awemo kwenye safu ya juu ni kupanga. Sharti la AMP lilikuwa limekwisha ondolewa sheria hiyo ilipoanza, hivyo hakuna aliyelifikisha huko.

Baada ya mlango kufunguliwa

Mei 2020 Google ilitangaza kwamba AMP haitakuwa sharti tena, na kuanzia Juni 2021 ikatekeleza pamoja na vipimo vya Core Web Vitals: kitu kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, mguso wa kwanza usisubiri zaidi ya milisekunde 100, na kuhamahama kwa maandishi kusizidi 0.1. Alama ya radi ikaondolewa. Machi 2024 kipimo cha mguso wa kwanza kilibadilishwa na kingine kinachotazama miguso yote.

Yaliyofuata yanasema mengi. Gazeti la Washington Post liliachana na AMP mwaka huohuo wa 2021. Twitter, mmoja wa walioitangaza tangu siku ya kwanza, ikaacha kuionyesha kabla mwaka haujaisha. Aprili 2022 Brave na DuckDuckGo wakatangaza vivinjari vyao vitairuka AMP na kumpeleka msomaji kwenye ukurasa halisi. Fomati inayopendwa kwa ubora wake haikimbiwi hivyo siku sharti linapoondoka. Wapo waliobaki nayo, hasa tovuti zisizo na mafundi wa kuiondoa.

Google haikuwa peke yake katika mtindo huu. Baidu, injini ya utafutaji ya China, ilikuwa na MIP, iliyofanana sana na AMP. Yandex ya Urusi ilileta kurasa za Turbo mwaka 2017, zikitoka kwenye seva zake na alama ya roketi. Anayetaka kuzipima kwa haki aulize yaleyale: nafasi gani inatolewa, sharti lake ni matokeo au ni namna ya kuandika, na anwani inabaki ya nani.

Uamuzi wangu kwa AMP basi: kwenye viungo vya kawaida, sioni upendeleo uliothibitishwa. Kwenye Habari Kuu za simu, upendeleo ulikuwepo tangu mwanzo, una udhuru hadi katikati ya 2018, na hauna udhuru baada ya hapo. Kipimo kilichochukua nafasi yake ni bora zaidi kwa mbali, kwa kuwa kinatazama ukurasa unavyotenda badala ya ulivyoandikwa. Bado kina upande wake. Takwimu zake zinatoka kwa watumiaji wa Chrome walioruhusu kupimwa, na Chrome ya iPhone haimo. Tovuti ndogo yenye wasomaji wachache inaweza kukosa takwimu kabisa. Na gazeti ambalo karibu wasomaji wake wote wa simu wanatumia iPhone linapimwa, kwa upande wa simu, kwa wale wachache walioingia na Android.